Highland mwenye cheti, Highland asiye na cheti, au chotara: uanze na yupi?

Karibu kila anayeniuliza habari za kufuga ng'ombe wa Highland huanza na mtamba. Ameona picha: manyoya mekundu yamemfunika mnyama macho, pembe zimetanuka huku na huku, nyuma kuna kilima na ukungu. Anataka kujua mtamba ni bei gani, na kama anunue yule mwenye cheti cha nasaba au yule wa bei nafuu. Mimi humrudishia swali moja: ndama wako wa kwanza akiwa dume, utamfanya nini?

Nusu ya ndama huwa madume, na kwenye madume ndipo njia hizi zinapoachana. Nimefanya kazi na ng'ombe hawa huku Argyll, magharibi mwa Skotlandi, muda wa kutosha kuona watu wakilipia vyeti wasivyovihitaji, na wengine wakividharau halafu wakaja kuvililia. Basi naziweka njia tatu ubavu kwa ubavu: Highland wa nasaba aliyesajiliwa, Highland halisi ambaye hakusajiliwa, na chotara anayezaliwa na jike wa Highland kwa fahali wa aina nyingine. Naandika kwa ajili ya Waswahili walioko Uingereza na wanaofikiria kukodi malisho huko. Walioko Njombe na Limuru nina neno lao, litafika.

Pasipoti si cheti

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, nami nilijikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uingereza kila ng'ombe ana hereni na pasipoti, awe na nasaba ya kifalme au asiwe nayo. Ndama wa ng'ombe wa nyama huvishwa hereni mbili zenye namba ileile, moja kila sikio, ndani ya siku 20 tangu azaliwe. Maombi ya pasipoti yafike kwenye ofisi ya serikali iitwayo British Cattle Movement Service ndani ya siku 27. Ukichelewa unanyimwa pasipoti, na mnyama asiye nayo haruhusiwi kuingia kwenye chakula cha binadamu. Ofisi hiyo ilianza kazi mwaka 1998, baada ya janga la kichaa cha ng'ombe, na haina huruma na mtu wa "nitaleta kesho".

Cheti cha nasaba hakitoki serikalini. Kinatolewa na Highland Cattle Society, chama cha wafugaji kilichoundwa mwaka 1884 na kutoa kitabu chake cha kwanza cha ukoo mwaka 1885. Hakuna sheria inayokulazimisha kukichukua. Kinachoandikwa humo ni baba, mama, mababu na mabibi, jina la mnyama na jina la zizi alikozaliwa. Nasema zizi kwa makusudi: kundi la Highland kwa Kiingereza huitwa fold, yaani zizi, kwa sababu zamani walilazwa usiku wa baridi ndani ya maboma ya mawe. Ukijiunga na chama unaomba jina la zizi lako, na kuanzia hapo kila ndama unayemsajili hubeba jina hilo mpaka afe, hata akiuzwa mara tano.

Sasa, pasipoti nayo huandika aina ya ng'ombe na namba ya mama. Mtu akiona neno Highland kwenye pasipoti hudhani ndio usajili wenyewe. Sio. Neno hilo ni kauli ya aliyejaza fomu, basi.

Mwaka wangu wa pili nilinunua mtamba wa manjano kwa mtu aliyeniahidi kwamba cheti kinakuja. Mama wa mtamba alikuwa na cheti, na baba pia. Lakini muuzaji alipomnunua yule mama hakuwahi kuhamisha umiliki kitabuni, kwa hiyo kitabuni alikuwa bado mali ya mwenyewe wa zamani. Fahali naye alikuwa wa kuazima, na hati ya kupandisha haikuandikwa. Nilizungushwa miezi minane. Mtamba yule ni Highland kuanzia pua mpaka ncha ya mkia, na hana cheti hadi leo, wala hakuna ndama wake atakayekipata.

Kwa hiyo mtu akikwambia "wazazi wake wote wamesajiliwa", mwambie akuonyeshe cheti cha mnyama unayemlipia, kisha uhamisho wa jina ufanywe siku ileile ya malipo. Cheti kilichobaki na jina la mtu mwingine kitakukwamisha siku utakapotaka kumsajili ndama.

Dume akizaliwa

Tuanze na mwenye cheti. Zizi la majike sita litakupa kama ndama watatu madume kwa mwaka. Usitarajie kwamba watatu hao watakuwa mafahali wa kuuza. Mwaka kupita bila hata mmoja anayefaa ni jambo la kawaida, kwa sababu fahali mmoja hupanda majike wengi na wanunuzi huchagua kwa jicho kali: miguu, mwendo, mgongo, upana wa kiuno, korodani, pembe zinavyotoka, manyoya, tabia. Ukimwacha mmoja awe fahali utamlea mpaka afikishe umri wa miaka miwili au zaidi, umfundishe kamba, umwoshe, umchane, ndipo umpeleke Oban, mji wa huku Argyll, ambako chama hufanya mnada wake kila Februari na mwingine tena Oktoba. Bei hapo bado hutajwa kwa gini, yaani pauni 1.05, kama enzi za mababu zao. Nimesimama ukingoni mwa ulingo ule nikaona fahali wa mtu wa zizi dogo akinunuliwa huku mwenyewe machozi yanamlenga. Nimeona pia madume yakirudi kwenye lori yalikotoka.

Waliobaki huhasiwa wakawa maksai, na maksai mwenye cheti na maksai asiye nacho ni nyama ileile. Hapo njia ya kwanza na ya pili zinakuwa moja, na neno moja linatawala: subira. Highland hukua polepole. Wengi hawajawa tayari kwa kuchinjwa kabla ya miezi 30, na wapo wanaohitaji zaidi. Kati ya mwaka 1996 na 2005, kwa hofu ya kichaa cha ng'ombe, Uingereza ilikataza nyama ya ng'ombe aliyevuka miezi 30 isiliwe na watu. Ukifikiri kidogo utaona pigo hilo liliwaangukia nani kuliko wote. Marufuku imekwisha, ila machinjio makubwa bado yamezoea ng'ombe wachanga, wanene, wasio na pembe, na bei zao zimepangwa kwa ajili ya hao. Maksai wa Highland hulipa vizuri akiuzwa moja kwa moja kwa walaji: bucha ndogo, hoteli, watu wa kijijini wanaonunua robo ya mnyama na kuijaza kwenye friza. Kama huna wateja hao wala moyo wa kuwatafuta, maksai wa Highland atakula nyasi zako miaka mitatu kisha akulipe kidogo.

Chotara ndiye jibu la mtu huyo. Mpandishe jike wa Highland kwa fahali wa Shorthorn au Angus, na ndama hupata nguvu ya damu mbili: anakua haraka kuliko mama yake, na anakubalika kwenye minada ya kawaida ya vuli, ambako wafugaji wa nyanda za chini hununua ndama walioachishwa ziwa ili wawanenepeshe. Unapokea fedha mwaka uleule badala ya kungoja miaka mitatu. Mama yake anabaki mlimani akiishi kwa malisho ambayo ng'ombe wa Kifaransa angeyagusa kwa pua na kugeuka.

Na hii si hila ya juzi. Kwenye kisiwa cha Luing, si mbali na Oban, ndugu wa familia ya Cadzow walianza mwaka 1947 kuchanganya Highland na Shorthorn, wakachagua na kuchagua tena, mpaka mwaka 1965 serikali ikautambua mchanganyiko huo kuwa aina kamili, Luing, wenye kitabu chao wenyewe. Chotara jike wa Highland kwa Shorthorn mweupe amesifiwa miaka mingi kuwa mama bora: mgumu kama mama, na maziwa zaidi.

Kasoro ya chotara ni kwamba mlango wa kurudi kwenye kitabu cha Highland kwake umefungwa. Lakini, na hili wengi hawalijui, kwa mama yake haujafungwa. Jike mwenye cheti ukimpa fahali wa Angus mwaka huu, cheti chake hakichafuki. Mwaka ujao mpe fahali wa Highland aliyesajiliwa na ndama huyo anasajiliwa kama kawaida. Jike asiye na cheti hana chaguo hilo: umpe fahali bora kuliko wote wa Skotlandi, ndama wake hatakuwa na karatasi.

Ndiyo maana ushauri wangu hauko katikati. Majike nunua wenye cheti, hata kama itabidi uanze na wawili badala ya wanne. Maksai wa kula majani na kupamba kilima nunua wasio na cheti, na usimlipe mtu ziada kwa ajili ya karatasi za mnyama asiyeweza kuzaa.

Jike anavyokulipa

Kuhusu jike mwenyewe, aliyesajiliwa na asiyesajiliwa hawatofautiani mwilini. Ana uzito wa kilo 400 hadi 500, fahali kama 800. Ana koti mbili, ya nje ndefu yenye mafuta inayotiririsha mvua, ya ndani laini inayoshika joto, kwa hiyo hahitaji mafuta mengi mwilini ili kuvuka baridi. Anakaa nje mwaka mzima; unampelekea nyasi kavu majani yanapokoma na unamtafutia kinga ya upepo. Mtamba hupandishwa akiwa na miaka miwili na nusu au mitatu, na hapo mfugaji mwenye haraka huanza kunung'unika. Mvumilie. Huzaa ndama mdogo, mara nyingi bila kusaidiwa na mtu, na wako majike wanaozaa hata wakiwa na umri wa miaka 18. Aina zinazokua haraka huwa zimeshachinjwa zamani.

Miaka hiyo mingi ndiyo inayofanya cheti cha jike kiwe na maana. Gharama ya kusajili ni ya mara moja. Ndama wanaonufaika nayo wanaweza kuwa kumi au zaidi.

Tahadhari moja kuhusu wale "wadogo" wanaotangazwa sana, hasa Marekani, kama ng'ombe wa kufuga uani. Wengi ni Highland waliochanganywa na Dexter, aina ya ng'ombe wadogo, na baadhi ya Dexter hubeba kasoro ya mifupa: mbebaji akipandishwa kwa mbebaji, ndama mmoja kati ya wanne hutoka amekufa, ameharibika umbo, mimba ikiwa imekwenda mbali. Maabara hupima kwa unywele tu. Mtu akikuuzia kadogo bila kipimo hicho, ondoka.

Fahali: wako, wa kuazima, au mbegu

Mwenye majike chini ya kumi hana sababu ya kununua fahali, kwa maoni yangu. Atakaa bila kazi miezi kumi ya mwaka, na baada ya miaka mitatu binti zake watakuwa wameingia umri wa kupandishwa. Ukimwacha awapande, ndama atakuwa na asilimia 25 ya damu iliyojirudia. Kaka na dada wa baba mmoja hutoa asilimia 12.5. Kitabu cha ukoo kipo ili uyaone hayo kabla hayajatokea. Asiye na cheti anakisia tu, na ndiyo hasara ya kimyakimya ya njia ya pili: huwezi kujua kama fahali wa jirani na jike wako walizaliwa na babu mmoja.

Kuazima ni njia ya wengi, na hati ya kupandisha iandikwe fahali akiwa bado yuko kwako, pamoja na tarehe za kuingia na kutoka. Mrija wa mbegu ni rahisi kusafirisha na unakufungulia mafahali wa mbali au hata waliokwisha kufa, maana mbegu hukaa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ugumu uko kwa jike. Joto humjia kila siku 21 na hukaa chini ya siku moja, naye yuko kilimani kwenye mvua, manyoya yamemfunika, hana hamu ya kukusubiri. Bila boma la kushikia lenye njia pana ya kupitisha pembe, mhimilishaji atakuja na kuondoka.

Pembe zenyewe ni hesabu. Highland wa nasaba huachiwa pembe zake, ni sehemu ya uzuri wake. Maana yake hori refu la kulishia, lori lenye nafasi, na machinjio yaliyokubali mapema. Fahali wa Angus asiyebeba kabisa chembe ya pembe atakupa ndama wote wasio na pembe, na kwa mtu anayeuza mnadani hilo pekee laweza kuamua.

Rangi

Wanunuzi wa nasaba hugombania rangi, kwa hiyo ijue inavyorithiwa. Kitabu kinakubali nyeusi, nyekundu, manjano, nyeupe, kijivu-kahawia na ya mistari, na majina mengi ya wanyama hubeba neno la Kigaeli la rangi: Dubh ni mweusi, Ruadh mwekundu, Buidhe wa manjano, Bàn mweupe, Odhar wa kijivu-kahawia, Riabhach wa mistari. Mwekundu ndiye tunayemwona zaidi leo, lakini ng'ombe wa visiwani wa zamani, waliovushwa kwenye milango ya bahari wakiogelea kwenda minada ya Crieff na Falkirk, wengi walikuwa weusi.

Kuna jeni moja ya kuchagua nyeusi au nyekundu, na nyingine ya kufifisha. Mwekundu akipata nakala moja ya kufifisha huwa wa manjano. Akipata mbili huwa mweupe. Kwa mweusi, moja humfanya kijivu-kahawia na mbili humfanya wa fedha. Basi manjano kwa manjano si lazima wazae manjano: tarajia mmoja mwekundu, wawili wa manjano na mmoja mweupe katika kila wanne. Anayetaka manjano tupu ampandishe mweupe kwa mwekundu. Nimeona watu wakiuza jike mzuri kwa sababu "hatoi rangi yake", na kosa lilikuwa kwa aliyechagua fahali.

Kwa walioko nyumbani

Watu wa Karagwe na Ankole wakiona pembe hizi hudhani ni ndugu wa ng'ombe wao. Hapana, wale ni Sanga, wana historia yao ya Afrika na uvumilivu wao wa jua. Na Highland usimlete Njombe kwa sababu kuna baridi. Baridi ya Juni si tatizo lake. Tatizo ni jua la saa sita juu ya koti mbili, na kupe. Ndigana kali itamwua kabla hujamaliza kulipia usafiri. Ukitaka kazi ya nasaba Afrika Mashariki, Boran wa Kenya wana chama chao tangu mwaka 1951, na kama unataka damu ya Skotlandi iliyokwisha kuzoea nyanda za juu za Kenya, hiyo ni Ayrshire, ya maziwa.

Siku ya kununua

Kabla ya ng'ombe yeyote kuteremka, shamba lako lazima liwe na namba yake serikalini na alama ya hereni. Uliza hali ya zizi kuhusu BVD, ugonjwa wa virusi wa kuhara wa ng'ombe, na uitake kwa maandishi. Skotlandi imetambuliwa kuwa haina kifua kikuu cha ng'ombe tangu mwaka 2009, kwa hiyo ukinunua kutoka maeneo ya hatari ya Uingereza ya kusini kuna vipimo kabla na baada ya safari. Panga muda na fedha za daktari. Wakishafika Skotlandi, ng'ombe hawaruhusiwi kuhamishwa kutoka shambani kwako kwa siku 13, isipokuwa safari chache kama ya machinjioni. Anayenunua majike wiki hii huku amemwahidi jirani kumrudishia fahali wiki ijayo ataingia matatani.

Usiogope kununua jike wa miaka minane mwenye mimba na ndama ubavuni. Kwa mtu anayeanza ni bora kuliko mitamba wawili wazuri wa pichani: ameshazaa, tabia yake inaonekana, umbo la ndama wake unaliona pale pale, na kwa umri wa Highland bado ana miaka mingi.

Yule wa manjano niliyenunua bila cheti ana miaka tisa sasa. Nilimjaribu kwa fahali wa Highland mara mbili, nikapata madume wawili, wakaliwa na wateja wangu wa kijijini. Tangu hapo nampa Shorthorn. Ndama wake wa mwaka jana, jike mwekundu mwenye mabaka meupe, aliuzwa mnadani Oktoba akiwa na miezi saba, na aliyemchukua amenitumia ujumbe kuuliza kama mama yake ana mimba tena. Anayo.